Pipa bei chee, begi bei mbaya!

Wiki hii naomba tuweke kando mambo ya mapenzi na kujirusha, tukwee pipa. Ndiyo, ndege yenyewe.

Siku hizi kukwea pipa siyo tena shughuli ya wakubwa na watoto wa wakubwa. Muuza nguo wa Kariakoo anakwenda Dubai na kurudi kama mtu aliyekwenda Morogoro kusalimia shangazi. Sababu moja kubwa ni haya mashirika ya bei chee. Tiketi unaikata mwenyewe kwa simu, umejilaza kitandani, huku unakunywa chai.

Sasa hebu siku moja nenda pale Kipawa, Terminal 3, usimame karibu na kaunta za mizigo. Utaona sinema ya bure. Jamaa katoka chicha, miwani nyeusi iko kichwani, lakini kapiga magoti sakafuni. Sanduku liko wazi, soksi huku, mfuko wa dagaa kule. Anavaa majaketi mawili kwa mpigo, na joto lote lile la Dar! Foleni nzima inamkodolea macho, na mwisho wa yote bado analipa.

Mtu huyu alidhani kanunua safari, kumbe kanunua kiti. Kila kitu kingine, kuanzia sanduku mpaka ugonjwa utakaompata huko aendako, kimebaki juu yake. Hilo ndilo la kushika wiki hii: tiketi ya bei chee inakupunguzia nauli, halafu inakuachia mzigo wote wa kujipanga. Ukijipanga, umeula. Usipojipanga, utakuja kulipa mara mbili.

HAKUNA UCHAWI

Watu wanauliza, hivi hawa jamaa wanauzaje tiketi rahisi hivyo? Hakuna uchawi. Ndege inaingiza hela ikiwa angani, ikikaa chini inakula. Kwa hiyo wanataka itue, watu washuke, wengine wapande, iruke tena haraka. Masanduku yanataka watu wa kuyapakia, yanataka muda, na uzito wake unakula mafuta. Wakasema, asiye na sanduku amlipie vipi mwenye masanduku matatu? Wakaitoa hela ya mzigo kwenye nauli, wakaiuza peke yake. Chakula nacho vilevile, na kuchagua kiti.

Ryanair la kule Ireland lilianza kutoza mizigo inayoingia tumboni mwa ndege mwaka 2006, na wengine wakafuata. Marekani kulikuwa na Southwest, lililoanza kuruka mwaka 1971. Hili lilijitapa miaka nenda rudi kwamba kwake masanduku mawili ni bure. Tarehe 28 Mei 2025 nalo likasalimu amri, likaanza kutoza.

Hapa kwetu, Fastjet ilipoanza kuruka kutoka Dar kwenda Mwanza na Kilimanjaro tarehe 29 Novemba 2012, ilitangaza nauli zinazoanzia Sh 32,000 kabla ya kodi. Watu wakapigwa butwaa! Ilisimama mwishoni mwa mwaka 2018, lakini ilishawafundisha wengi kwamba nauli ni kitu kimoja na sanduku ni kitu kingine. Kenya wana Jambojet, mtoto wa Kenya Airways, iliyo angani tangu 2014. Na wazee wa Dubai wanaifahamu flydubai, iliyoanza safari zake mwaka 2009.

HAPA SI UBUNGO

Tatizo letu wengi tumelelewa na mabasi ya mikoani. Kule stendi hela ya mzigo ni maneno. Utingo anakwambia elfu kumi, unamwita mdogo wangu, unamwonyesha sura ya huruma, basi likianza kunguruma anakubali elfu tatu. Kadiri unavyoukaribia mlango wa basi, ndivyo bei inavyolegea.

Kwenye ndege ni kinyume chake kabisa. Kadiri unavyoukaribia mlango, ndivyo bei inavyopanda. Kilo zinakuwa rahisi kuliko wakati wowote ule siku unapokata tiketi. Ukingoja mpaka kaunta ya uwanjani, bei imechangamka. Ukikamatwa mlangoni kabisa na begi kubwa, hapo jiandae kulia. Na yule dada wa kaunta hata umwite mdogo wangu mara mia, kompyuta yake haina undugu na mtu.

Tupige hesabu ya kubuni, ili uone mchezo ulivyo. Tuseme tiketi ya bei chee ya kwenda na kurudi ni dola 180, haina mzigo. Kilo 20 ukizinunua mapema ni dola 40 kwenda na dola 40 kurudi. Jumla dola 260. Shirika kubwa la jirani linauza dola 250, na ndani yake kilo 23 kwenda na kurudi. Umeona? Ile ya "bei chee" ndiyo ya ghali. Lakini kama unakwenda harusini siku tatu na kibegi cha mgongoni, ile ya 180 ni yako, ichukue haraka.

Kwa hiyo usilinganishe nauli na nauli. Linganisha safari nzima na safari nzima, mizigo ikiwa ndani.

KILO ZINAPOTELEA WAPI?

Begi la mkononi, namba utakayokutana nayo sana ni kilo 7. Wengine wanaruhusu 10. Lakini kilo peke yake haitoshi, kuna vipimo vya urefu, upana na kina. Ndo maana utaona kile kichanja cha chuma karibu na kaunta. Begi linaingizwa mle, likikataa kuingia, limekuwa sanduku, na sanduku linalipiwa.

Halafu kuna kitu wengi hawakifikirii: sanduku lenyewe lina uzito. Yale magumu yenye magurudumu yanayong'aa, tupu kabisa, linaweza kula kilo 4. Umenunua kilo 20, unapata 16 za vitu. Begi la kitambaa halikupi ujiko uwanjani, lakini linakuachia kilo.

Pima nyumbani. Mizani ndogo ya kuning'iniza inauzwa madukani. Huna? Panda mwenyewe kwenye mizani ya kawaida, kisha panda tena umelibeba begi, halafu toa. Hata kwa Mangi wa mtaani, anayepima unga na sukari, ukimwomba kistaarabu atakupimia. Na usijaze mpaka gramu ya mwisho, maana mizani ya nyumbani na ya uwanjani zinaweza kugombana.

Siku ya kurudi ndo mtihani mkubwa. Watu wananunua kilo za kwenda tu, halafu Dubai wanakutana na bei za Deira, macho yanatoka. Ukiwa unajua unakwenda kununua, nunua kilo za kurudi kabla hujaondoka nyumbani. Tena soma vizuri: kilo zingine ni za begi moja tu, zingine unaweza kuzigawa kwenye mabegi mawili.

NINI JUU, NINI CHINI

Power bank na betri za akiba zinakaa begi la mkononi. Kuziweka kwenye sanduku linaloingia tumboni ni marufuku, kwa sababu betri hizi zikishika moto kule chini hakuna wa kuuona mapema. Kiwango cha kawaida ni Wh 100. Power bank ya mAh 20,000 ina kama Wh 74, hiyo inapita. Lile tofali la mAh 30,000 linazidi, na hapo mpaka shirika likubali. Kama uwezo wake haujaandikwa juu yake, wanaweza kukunyang'anya.

Manukato, losheni na vimiminika vingine vikubwa viweke chini. Kwenye safari za nje, viwanja vingi bado vinashikilia chupa isiyozidi mililita 100 mkononi, sheria iliyoenea duniani tangu mwaka 2006. Mkononi weka pasipoti, hela, simu, kompyuta, dhahabu za mama, na dawa zako zikiwa kwenye pakiti zake. Mashirika mengi yanaandika kabisa kwenye masharti kwamba vitu vya thamani visiwekwe tumboni mwa ndege. Ukiweka vikapotea, wa kwanza kuulizwa ni wewe.

Na kuna huyu anayekuja na maneno matamu: "Kaka, nakuona una kilo za bure, nibebee hiki kimfuko, kuna mtu atakupokea." Usibebe! Hata akikulipa hela ya kilo zote. Mzigo ukishabandikwa jina lako ni wako, na yaliyomo ndani ni yako mbele ya polisi wa nchi yoyote. Kuna vijana wanazeeka jela za ng'ambo kwa kimfuko cha aina hiyo.

SANDUKU HALIJATOKEA

Umefika. Mkanda unazunguka, wenzako wanachukua vyao, mpaka unabaki wewe na katoni moja isiyo na mwenyewe. Usitoke nje! Ukishatoka nje, kuthibitisha habari yako kunakuwa kugumu. Nenda kwenye kaunta ya mizigo iliyopotea, wakuandikie ripoti, uondoke na namba yake. Ndo maana kile kikaratasi wanachokupa wakati wa kupima mzigo hakitupwi. Kipige picha hapohapo, na sanduku lenyewe ulipige picha kabla halijaondoka, likiwa wazi na likiwa limefungwa.

Sasa sikia jambo ambalo watu wengi hawaambiwi. Kuna Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika mwaka 2003, na Tanzania na Kenya zote ziko ndani. Huu ndio unaosema shirika linadaiwa nini kwenye safari za kimataifa, na hauulizi kama tiketi yako ilikuwa ya bei chee au ya bei mbaya. Sanduku likipotea, kuharibika au kuchelewa, dai lako lina kikomo cha SDR 1,519 kwa abiria mmoja. SDR ni kipimo cha fedha cha IMF, na kiasi hicho ni kama dola 2,000 hivi. Kikomo hiki kilipandishwa tarehe 28 Desemba 2024 kutoka 1,288.

Lakini usianze kushangilia. Hicho ni kikomo, siyo zawadi. Unalipwa hasara unayoweza kuionyesha, kwa hiyo stakabadhi ni muhimu. Na kuna siku za kushika kichwani. Sanduku limevunjika au vitu vimeharibika: andika malalamiko ndani ya siku 7 tangu ulipolipokea. Limechelewa: ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Halijaonekana kabisa baada ya siku 21: linahesabiwa limepotea. Ukitaka kwenda mahakamani, una miaka miwili. Na yote haya yawe kwa maandishi. Kumfokea dada wa kaunta hakuhesabiwi kama malalamiko, hata ungefoka vipi.

Kama ndani kuna vitu vinavyozidi kikomo hicho, mkataba unakuruhusu kutangaza thamani yake wakati wa kukabidhi mzigo na kulipa nyongeza wakikudai. Safari za ndani, za Dar na Mwanza, zenyewe zinafuata sheria za nchi na masharti ya tiketi. Ukizungushwa hapa Tanzania, TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, inapokea malalamiko ya abiria, na lipo Baraza la watumiaji la kukusemea.

BIMA: BEGI NI DOGO

Haya, tuje kwenye bima ya safari. Wengi wanaikuta kwenye simu wakati wa kukata tiketi, kijisanduku kidogo kimeandikwa "ongeza bima". Mmoja anabonyeza bila kusoma, mwingine anaruka bila kusoma. Wote wawili wamecheza bahati nasibu.

Vijana wengi wakisikia bima ya safari wanawazia begi. Mshikaji wangu, begi ndo kitu kidogo kuliko vyote. Begi likipotea utanuna wiki mbili, kisha utanunua lingine. Lakini uvunjike mguu ugenini, au kidole tumbo kikuanze usiku, hospitali ya kule haina habari na wewe kwamba ulikuja kwa nauli ya bei chee. Inataka hela. Na yakitokea yale makubwa zaidi, wote tunajua inavyokuwa: kikao nyumbani kwa marehemu, daftari la michango linazunguka, ndugu wanahangaika wiki nzima kutafuta fedha za kuurudisha mwili. Bima nzuri ya safari inabeba matibabu ya dharura, kukurudisha nyumbani ukiwa mgonjwa, na hata hilo la mwisho. Hapo ndo penye uzito wake.

Ndo maana nchi nyingine hazikuachii uchague. Ukiomba viza ya Schengen, lazima uonyeshe bima ya matibabu isiyopungua euro 30,000. Zanzibar nayo, kwa wageni wanaotoka nje ya nchi, ilianza tarehe 1 Oktoba 2024 kudai bima ya dola 44. Wenye akili zao wameshaona gharama ya mgeni mgonjwa asiye na kitu.

Kabla ya kulipa, soma mambo manne. La kwanza, kiwango cha matibabu, na kama kusafirishwa kurudi nyumbani kumo. La pili, vilivyotolewa. Maradhi uliyokuwa nayo kabla ya safari mara nyingi hayalipwi mpaka uyataje, na ajali uliyopata ukiwa umelewa usitegemee sana. La tatu, kiasi utakachokatwa mwenyewe kwenye kila dai. Kama wanakukata dola 100 na begi lako lina thamani ya dola 90, bima hiyo kwa begi ni pambo tu. La nne, kikomo cha kitu kimoja. Mkataba unaweza kusema mizigo dola 1,000, halafu chini, kwa herufi za sisimizi, ukasema kitu kimoja kisizidi dola 200. Simu yako ya dola 900 hapo imekula kwako.

Ndugu zangu wa Kariakoo, hili ni lenu: bima ya safari kwa kawaida inalinda vitu vyako binafsi. Magauni 60 ya kuuza siyo vitu vyako binafsi, ni biashara. Ukipoteza mtaji wa vikoba ndani ya sanduku, usitegemee bima ya safari ikuokoe. Mzigo wa biashara una bima yake ya mizigo, iulizie kabla hujaondoka.

Tena wewe unayeunganisha tiketi mbili za mashirika mawili ili upate nafuu, kwa mfano Mwanza mpaka Dar na moja, Dar mpaka Dubai na nyingine. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haikungoji, na tiketi inaweza kufa. Sanduku nalo linaishia Dar, ulichukue na kulipima upya. Acha saa za kutosha katikati, hata kulala usiku mmoja, na uliza kama bima yako inalipa ukiikosa ndege kwa namna hiyo, maana nyingi hazilipi.

Bima inunuliwe kabla ya kuondoka, kwa kampuni iliyosajiliwa na TIRA, na namba yao ya dharura iwe kwenye simu na kwenye karatasi. Ukiibiwa ugenini, polisi kwanza. Mikataba mingi inadai ripoti ya polisi, tena ndani ya saa 24. Ukilazwa, wapigie simu bima mapema, wewe au mwenzako, kabla bili haijawa ndefu.

Najua kuna atakayesema haya yote ni longolongo, yeye keshasafiri mara tano na hajawahi kupata kasheshe. Sawa kabisa, Mungu azidi kumjalia. Lakini nauli rahisi imetokana na wewe kukubali kufanya kazi ambayo zamani ilifanywa na wengine: kupima, kusoma, kutunza karatasi, kujikinga. Kazi yenyewe ni ya jioni moja tu, na mizani ya Mangi.

Kwa leo naweka kalamu chini. Anayesafiri wiki hii, safari njema, na zawadi zetu asizisahau, ila azipime kwanza! Tukutane wiki ijayo, panapo majaaliwa.